Wanawake Ishirini wa Kwenye Daftari

Keelapatti, 12 Septemba 1999

Kwako mwanangu Kani,

Huku hatujambo, wewe tu ndiye tunayekuulizia. Kaka yako Sudalai bado anaendesha ile trekta ya watu, na mgongo wake unamdai kila jioni. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, kwa hiyo hata hongera sikumpa. Mvua inatupita kwa mbali kama jirani mliyegombana naye.

Barua yako ya Agosti ilifika imelowa pembeni lakini yote ilisomeka. Niliwasomea wenzangu barazani huku tunasokota bidi, zile sigara za majani. Tulikuwa wanane na mimi nikiwemo, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Nilipofika kwenye yale majina ya mifupa, Ulagammal aliacha kusokota kabisa, majani yakamkaukia mapajani. Akasema, "Pechi, huyu mtoto ulimzaa au ulimwokota?" Nikamwambia nilimzaa mwenyewe, tena kwa uchungu wa siku mbili. Kichwa chenye mifupa yote hiyo kingepitaje haraka?

Picha ya chuo chako cha unesi niliyoikata kwenye kile kitabu chao cha matangazo nimeibandika ukutani, chini ya mungu wetu Murugan. Wageni hudhani ni ofisi ya serikali. Nawaambia ni chuo cha binafsi, kidogo, hakichukui kila anayepita njia. Wanafunzi thelathini na wanane tu, mwalimu anamjua kila mmoja kwa jina la baba yake. Kwenye vyuo vikubwa mtoto wa watu hupotea kama punje kwenye gunia.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Wifi yako Mariselvi ana mimba, mwezi wa tano huu. Anatapika hata akinusa vitunguu. Kaka yako anajifanya hana habari, lakini juzi nilimkuta anaongea na ndama.

Halafu Ulagammal ana kidonda kwenye mguu, na sukari unajua anayo. Nimemwambia asiende popote, nesi wetu ataandika dawa. Basi andika upesi, nitamsomea.

Mimi mama yako,
Pechiammal


Hosteli, 3 Oktoba 1999

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za wifi. Mwambie ale kidogo kidogo, asilazimishe. Mimi mzima. Mchana tunakula tonge la ulezi na mchuzi mwepesi, jioni wali. Tonge nimeshalizoea, halitafunwi, linamezwa tu. Lugha ya huku nayo naimeza hivyo hivyo.

Bibi Ulagammal aende zahanati kwa Sista Jesintha leo hii, siku utakayopata barua hii. Asingoje dawa yangu. Kidonda cha sukari mimi nimekisoma tu.

Wiki iliyopita wakaguzi wa serikali walikuja. Tulishinda wodini, vitanda vyote vimejaa. Tulivalishwa kofia mpya, jioni tukazirudisha stoo.

Naomba barua zangu usiwasomee wenzako, Mama. Tena usijaribu kupiga simu. Simu ya hosteli ipo mezani kwa mkuu wa chuo, naye hatoki.

Nimechoka kidogo. Si ugonjwa.

Mwanao,
Muthukani


Keelapatti, 16 Novemba 1999

Mwanangu Kani,

Habari za huku ni njema, isipokuwa magoti yangu. Mvua imekuja yote kwa siku tatu, kama mdeni aliyeona aibu, na paa la jikoni linavuja pale pale.

Uliniomba nisiwasomee. Nimewasomea nusu. Ile ya wakaguzi ningeifichaje? Vitanda vyote vimejaa, na wewe umevaa kofia mbele ya watu wa serikali. Ulagammal alikwenda kwa Sista, amefungwa mguu, unapona, na popote anapopita anasema Kani alimponya kwa barua. Sikumsahihisha.

Sasa sikiliza. Jumapili tulimvisha wifi yako bangili za mwezi wa saba. Kijani na nyekundu, mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko, na wali wa aina tano, wa limau, wa ukwaju, wa nazi, wa maziwa lala na wa sukari. Mkwe wangu Shanmugathai alikuja na sinia kumi na moja na gari la kukodi, kama ilivyo ada, amchukue binti yake akazalie kwao. Nikamwambia sinia zibaki, gari lirudi.

Akaniangalia. "Mkwe, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Hata wewe mama yako alikuja kukuchukua."

Nikamwambia, "Mama yangu hakuwa na nesi ndani ya nyumba. Mimi ninaye."

"Nesi mwenyewe yuko Karnataka, jimbo la mbali."

"Anakuja sikukuu ya Pongal, Januari. Atakaa mpaka mtoto azaliwe mikononi mwake. Wewe kwako una nani? Mbuzi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mariselvi alilia kidogo, nikamwambia, "Kani ana mikono laini kuliko ya mama yako." Gari lilirudi tupu, na kijiji kizima kililiona likirudi.

Kwa hiyo uje Pongal, na ukae mpaka mwanzoni mwa Februari. Usiniaibishe.

Mama yako


Hosteli, 25 Novemba 1999

Mama, shikamoo.

Nimeipata barua yako. Mwacheni wifi aende kwao. Mwezi wa saba haujaisha, bado mna siku.

Mimi ruhusa sitapata. Mitihani iko karibu, na walimu wamepungua, wawili wameondoka. Hata ningepata, si vizuri kuivunja ada kwa ajili yangu.

Nakuomba, Mama. Usinijibu kwa maneno mengi, mpeleke tu.

Kani


Keelapatti, 7 Desemba 1999

Mwanangu,

Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi. Nilidhani umeumwa. Kaka yako anakusalimu, wifi yako anakusalimu, tumbo lake limekuwa kubwa na limeelekea mbele. Mimi nasema ni mvulana, Ulagammal anasema ni msichana. Tumewekeana dau la kikapu cha maembe.

Ruhusa usijali. Ulivyo na haya nilijua usingeiomba, nikaiomba mwenyewe tangu wiki ile ya bangili. Nilimwendea mwalimu mkuu wa shule yetu, akaniandikia kwa Kiingereza chake chote, tukamtumia mkuu wa chuo. Amejibu. Karatasi nzito, ina nembo, ina muhuri wa zambarau. Mwalimu alinisomea barazani, kila mtu yupo. Ruhusa umepewa, wiki tano. Tena anasema, "Mama usiwe na wasiwasi, binti yako amekwisha kuzalisha wanawake ishirini kwa mikono yake, na daftari lake la uzazi limetiwa sahihi."

Ishirini. Kani, ishirini, na mimi mama yako hukuniambia hata mmoja. Unyenyekevu huo umeutoa kwa baba yako marehemu, kwangu haukutoka. Nilimfanya mwalimu arudie mara tatu. Habari ikafika kwa Shanmugathai kabla chai haijapoa. Amenitumia neno, anasema, "Kama ni ishirini, mimi sina la kusema. Abaki."

Na Sista Jesintha nimemwambia safari hii asijisumbue kuja kwetu kuzalisha.

Sasa hivi ni mwezi wa nane, na mwezi wa nane mja mzito havuki mpaka wa kijiji, hilo unalijua. Kwa hiyo habari ya kwenda kwao imekwisha yenyewe. Panda treni tarehe kumi Januari. Sudalai atakusubiri stesheni ya Tenkasi.

Mama yako, anayekungoja


Hosteli, 13 Desemba 1999

Mama, shikamoo.

Hii isome peke yako, ndani, mlango umefungwa. Ukimaliza, fanya utakavyoona.

Sijamzalisha mtu. Sijaona mtoto akizaliwa hata mmoja. Ng'ombe nimewaona huko nyumbani. Mtu, bado.

Hospitali ya chuo ina vitanda sitini na wagonjwa watatu, na mmoja wao ni mlinzi anayeumwa jino. Siku ile ya wakaguzi lori lilileta watu kutoka tanuri la matofali. Walipewa pakiti ya wali na shuka, wakaambiwa walale. Mimi niliwekwa kwa mwanamke anaitwa Gangamma. Niliandika kwenye karatasi ya kitandani kwamba ana homa ya matumbo. Hakuwa na homa. Alikuwa hajawahi kulala mchana tangu aolewe. Akaniambia, "Binti, wakiondoka usiniamshe upesi." Nilimpima presha, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Huyo ndiye mgonjwa wangu, Mama. Mwaka wa pili huu, naye ni huyo mmoja.

Daftari ni hivi. Ili ufanye mtihani lazima uwe umezalisha ishirini. Wodi ya uzazi hapa ina meza, na vumbi. Kwa hiyo tunapewa madaftari ya dada waliomaliza, tunanakili saa, uzito wa mtoto, muda wa uchungu. Nao walinakili kwa waliowatangulia. Majina tu ndiyo tunabuni. Nilipofika kumi na mbili yaliniishia, nikawaandika wote wa barazani, wanane. Bibi Ulagammal amezaa mapacha. Wewe ni wa ishirini. Umezaa msichana wa kilo tatu, uchungu wa saa sita, bila tatizo. Mwalimu alitia sahihi huku anaongea na mtu mlangoni.

Sisi wanafunzi ni wachache, na ni kweli tunajulikana kwa majina ya baba zetu. Ndiyo maana hakuna anayesema. Ukisema watajua ni nani aliyesema.

Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Kila barua nilisema itakayofuata nitamwambia, halafu inakuja yako, na picha iko ukutani.

Wifi akiachwa mikononi mwangu nitasimama pale na kofia, yeye anakufa. Mpeleke kwao. Mwombe radhi Sista.

Kani


Keelapatti, 8 Januari 2000

Kani,

Sote tunapumua. Ng'ombe amekauka maziwa. Sudalai ana mafua.

Barua yako ilifika tarehe ishirini Desemba, na leo ni tarehe nane. Siku zote hizo nilikuwa nakuandikia kichwani. Mengine hayakuwa maneno ya mama kumwandikia mwanawe, nikayaacha yaishe. Wenzangu waliniuliza, "Vipi, nesi anasemaje?" Nikawaambia wino umefifia, macho yangu hayaoni. Siku tatu sikusokota bidi hata moja. Walidhani nina homa.

Saa sita, Kani? Mimi?

Kilichoniuma si ile ishirini. Watu wanasema uongo, hata mimi nilisema gari lilirudi tupu kwa hiari yao. Kilichoniuma ni kwamba kwa miezi yote ulikuwa unanihofia mimi, si mkuu wa chuo. Hilo nimelilalia na kuamka nalo.

Na mwezi wa nane ukawa umenikamata. Wiki mbili nilimwangalia wifi yako akipita uani na tumbo lile, kila akishika kiuno nahesabu siku zilizobaki. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kwa Sista Jesintha, nikamwambia nilikosea kumkataza. Alikuwa anachemsha mikasi, hakugeuka. Akasema, "Pechiammal, nimezalisha tarafa hii mpaka nimewachoka nyote. Utaomba radhi baadaye. Lete hilo tumbo nilipime."

Tarehe tatu mwezi wa tisa ukaingia. Tulipanda basi, mimi, Sudalai na Mariselvi, hadi kwa mkwe. Njiani nilikuwa nimeshaandaa maneno. Kani kanyimwa ruhusa, mkuu wa chuo kabadili mawazo, wanamhitaji mno wodini. Lilikuwa neno zuri, lingetuvusha wote na heshima yetu.

Shanmugathai alileta maji. Kabla sijanywa akauliza, "Nesi wetu anafika lini?" Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anayemtegemea. Nikaona nikimpa lile neno langu, siku Mariselvi akishikwa na uchungu huyu mama bado atakuwa anatazama barabara akikungoja wewe, hatamwita Sista.

Nikaitoa barua nikamsomea. Yote. Matofali, Gangamma, mapacha wa Ulagammal. Pale pa kofia Sudalai akainuka akaenda kusimama nje.

Mkwe akanisogezea yale maji. Kisha akasema, "Mume wangu amekwea mivumo kugema miaka thelathini. Angekuwa anakwea mivumo ya kwenye daftari, tungekunywa nini?"

Nikasema ni kweli.

"Na ulisema kwangu kuna mbuzi."

"Nilisema."

"Mbele ya dada zangu."

"Mbele yao, mkwe."

Akachukua mfuko wa Mariselvi akauingiza ndani. Akiwa amenipa mgongo akaniambia, "Wali upo. Ule kwanza, basi linarudi saa tisa."

Tulikula. Ladha sikuisikia.

Mkuu wako wa chuo nimemwacha kwanza, sina nguvu ya watu wawili. Pongal usije. Si hasira. Ukija sasa watu watakukodolea macho, nami sitajua nikutetee vipi. Nitakuambia lini uje.

Mama yako


Hosteli, 20 Januari 2000

Mama, shikamoo. Mpe pole Sudalai.

Barua yako nimeisoma chooni, ndiko kwenye mlango wa kufunga. Nimeisoma mara nyingi.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo na daftari. Nikamwambia nataka kufuta majina. Hakukasirika. Alinikaribisha kiti, akasema, "Binti wa Arunachalam, wote wanaandika hivyo, utajifunza ukiajiriwa." Ukiajiriwa, Mama. Yaani kwa wagonjwa wa watu. Nikalichukua daftari langu nikatoka. Wenzangu hawaongei nami tangu siku hiyo, isipokuwa mmoja, naye ananong'ona.

Nirudi nyumbani kabisa? Ukisema nibaki nitabaki. Ukisema nirudi nitarudi. Sijui tena kipi ni aibu kubwa zaidi.

Wifi ajifungue salama.

Kani


Keelapatti, 12 Februari 2000

Mwanangu Kani,

Una mpwa wa kike. Kilo mbili na nusu, za kwenye mzani. Ana nywele mpaka masikioni, na sura ya Shanmugathai, tutafanyaje. Maembe nadaiwa mimi.

Uchungu ulimshika tarehe mbili asubuhi. Mkwe akamwita Sista mara moja, na mtu akatumwa kuniita mimi. Nilipofika Sista alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo, amefumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali. Akasema, "Huyu ametanguliza makalio. Hapa hazaliwi. Tafuteni gari." Hakupaza sauti. Tulimpakia kwenye gari la muuza mbolea, Sista nyuma naye, mkwe na mimi tumebanana mbele, hadi hospitali ya serikali Tenkasi. Walimpasua saa kumi jioni.

Kwenye benchi mkwe aliushika mkono wangu. Nadhani hakujua ni wangu. Baadaye Sista alitoka akaketi nasi, akavua viatu, akasema, "Masaa mawili zaidi nyumbani, tungezika wawili." Hakuwa ananisema mimi, alikuwa amechoka tu. Lakini nilikuona, Kani. Nilikuona umesimama kwenye chumba changu cha ndani, umri wako miaka ishirini, umevaa ile kofia, na mimi nyuma yako nawaambia watu watulie, huyu anajua. Bado nakuona. Nikiwa napika, nikiwa nasokota.

Sasa swali lako. Nimelifikiria, na sina jibu zima. Mkuu wa chuo anayo karatasi, na bila karatasi serikali haikupi kazi. Karatasi yenyewe ni ya uongo. Kurudi huko au kutorudi tutalisema mwezi wa Juni, mimi na wewe, tumeketi. Likizo ya Aprili na Mei unakuja hapa. Nimekwenda kwa Sista Jesintha, nimemwomba akuchukue miezi hiyo miwili. Barazani nimewaambia wazi, Kani hajui kuzalisha, anakuja kujifunza. Ulagammal akasema, "Lakini mimi nimezaa mapacha." Kumbe Sudalai kamwambia mkewe, na mkewe kamwambia kila mtu. Walicheka mpaka tumbaku ikamwagika. Nami nilicheka, mwishoni.

Sista hakukubali mara moja. Amesema ukate kucha, uache bangili nyumbani, uje na sari kuukuu. Mwezi wa kwanza utafagia, utachemsha vyombo, utaangalia. Mwanamke wa kwanza atakayekuja kujifungua usimguse popote, umshike mkono tu na kumfuta jasho.

Nikamwambia, "Sista, kwa kushika mkono huyu wangu hana mwenzake wilaya nzima."

Hakucheka. Akasema, "Hilo tutaliona Aprili."

Mama yako,
Pechiammal